Muke wa Fundi wa Kinga Anatembea kwa Miguu

Jumapili, saa tisa muchana. Mvua ilitukuta njiani tukitoka kanisani na mpaka sasa haijakata. Kutoka hapa mulangoni ziwa halionekani, ni weupe mutupu. Plamedi amelala juu ya kifua changu, simu nimeishika kwa mukono mumoja, naandika kwa kidole gumba. Goti linaniuma.

Nina wivu.

Nimeliandika hilo neno ili nilione limekaa. Tangu shule zifunguliwe nimekuwa nikiliita majina mengine: nimechoka, jua ni kali, mutoto hakunilaza. Papa Plamedi, bwana yangu, aliniuliza siku moja, "Uko na nini?" Nikamujibu, "Siko na kitu." Hakuuliza tena. Yeye njo hivyo alivyo, swali lake ni moja, ukilijibu vibaya basi limekwisha.

Nilikuwa na kitu. Kilikuwa na magurudumu mawili na kengele.

Kwa wewe unayenisoma mara ya kwanza: mimi ni mama wa mutoto mumoja, Plamedi, wa miezi tisa. Masomo niliishia mwaka wa pili wa sekondari, minerval, pesa ya shule, ilikosekana, kwa hiyo ukikuta makosa hapa unisamehe. Nauza ndakala, samaki wadogo wa ziwa. Asubuhi nawanunua ufukweni wakiwa wamekauka, nawapanga ndani ya beseni, beseni kichwani, mutoto mugongoni, naenda Katanika. Kule kuna kambi ya watu waliokimbia vita na kuna wenyeji, wote wanakula. Ni saa moja na nusu kwa miguu. Kurudi ni zaidi, kwa sababu jua linakuwa limeshatuona.

Na bwana yangu ni fundi wa kinga. Baiskeli, kama wanavyosema ng'ambo kule Kigoma. Sisi huku tunasema kinga. Kazi yake anaifanyia hapa hapa uani, chini ya bati mbili, na watu wanatoka mbali kumufuata, kwa sababu yeye hatengenezi tu. Anakuchagulia. Ukitaka kinga nzuri kwa pesa kidogo, unakuja kwa Papa Plamedi kabla ya kwenda bandarini.

Kila muntu wa mutaa huu anajua hivyo, na kila muntu anaona miguu yangu. Mama Chantal, jirani yetu, ana mudomo ambao Mungu alisahau kuuwekea freni. Asubuhi nikitoka anasimama kwenye ua wake na mufagio.

"Eee, Mama Plamedi! Kwa fundi wa nyumba njo mvua inavuja, na kwa fundi wa kinga njo muke ana vumbi mpaka magotini!"

Wanacheka wote. Mimi pia nacheka. Halafu njiani kote namujibu, peke yangu, majibu makali kabisa ambayo hatayasikia hata siku moja.

Lakini Mama Chantal siye aliyenichoma. Aliyenichoma ni Madame Rachel, na hakuwa na kosa.

Madame Rachel ni mwalimu wa watoto wadogo kule Katanika. Alipanga nyumba huku kwetu, pale chini ya mutelemko, karibu na barabara ya kwenda ziwani. Hana bwana, hana mutoto bado. Anavaa viatu vya kufunga kamba na nywele zake hazina vumbi, sijui anafanyaje. Alikuja hapa uani siku moja baada ya kazi, akasalimia vizuri, akasema anataka kinga ya kwenda shuleni, na hajui kuchagua.

Nilikuwa nimekaa, mutoto ananyonya, natoa mawe kwenye maharagi. Niliona yote.

Papa Plamedi hakuanza na kinga. Hawezi kuanza na kinga. Aliuliza: unapita barabara gani? Unabeba nini? Mvua ikinyesha unakwenda au unabaki? Nani atakuwa anaiosha? Madame alijibu moja moja kama yuko kwenye mutihani. Ni ile barabara ya udongo mwekundu na kokoto, kuna muchanga sehemu tatu, anabeba madaftari ya watoto, mvua ikinyesha anakwenda. Akasema pia ameona moja ya buluu, yenye amortiseri mbele, ile miguu miwili inayobonyea ukipita kwenye shimo. Inamupendeza sana.

"Madame," bwana yangu akasema, "ile ya bei ndogo ni chemchemi ya kitanda. Mwezi wa kwanza inabonyea, mwezi wa pili inalia, mwezi wa tatu imelala kabisa, na uzito wake weye utaendelea kuupandisha mulima kila siku. Chukua chuma kigumu mbele, weka pine nene. Upepo ulio ndani ya pine njo amortiseri yako."

Madame Rachel akacheka. Yeye pia akacheka. Na mimi nikatupa maharagi mazima pamoja na mawe.

Halafu akamupima.

Hapa lazima nieleze. Bwana yangu hapimi kwa mita. Ana uzi wa nyavu, ule mweusi wa wavuvi, anaukata, anapiga goti chini, anashika ncha moja kwenye kisigino cha muteja. Kama muteja ni mwanamuke, huyo mwanamuke mwenyewe anashika ncha ya juu kwenye mufupa wa nyonga, kwa heshima. Pale uzi unapofika, anafunga fundo. Huo uzi unakuwa ni wako. Ataubeba bandarini, ataulaza juu ya kila kinga mpaka apate inayolingana. Kazi ikiisha hautupi. Anauninginiza kwenye musumari pale chini ya bati, ili siku ukirudi asikupime tena.

Kuna nyuzi nyingi kwenye ule musumari. Za walimu, za wabeba makala ya kupikia, ya katekista, hata za watu waliokwisha hama muji.

Wangu hauko.

Siku ile nilipomwona amepiga goti mbele ya viatu vya Madame Rachel, njo siku nilizihesabu zile nyuzi mara ya kwanza. Tangu tuoane ninazipita kila siku nikienda kuchota maji, sikuwahi kuziwaza.

Alikwenda bandarini siku tatu kwa ajili yake. Siku tatu! Siku ya tatu akarudi na kinga mbaya kuliko zote, ya mitumba, rangi kama majani ya sombe yaliyopikwa jana. Nilifurahi. Niliwaza, Madame ataikataa. Lakini bwana yangu akamuonyesha: kadre, mifupa ya kinga, ni ya chuma ambacho hata muchoma vyuma wa hapa mutaani anaweza kukiunga, gurudumu zenye kuta mbili, zisizopinda upesi, matundu ya kufungia portbagaji, kile kibebeo cha mizigo, nyuma, sahani moja tu ya meno mbele na saba nyuma. "Shene yake, huu munyororo, unaipata hapa Kalemie," akasema. "Kitu ambacho hakipatikani hapa si cha bei ndogo, hata wakikupa bure." Madame akamushika mukono kwa mikono miwili.

Tangu hapo ananipita. Kila asubuhi ya shule, pale baada ya daraja dogo, nasikia kengele nyuma yangu, kriing, kriing, na sauti yake nzuri: "Mama Plamedi, habari ya asubuhi! Plamedi, ça va?" Halafu mugongo wake. Halafu vumbi. Mutoto wangu anageuka ndani ya kitenge kumwangalia mpaka apotee. Hata mutoto wangu.

Sitaki kusema uongo hapa, kwa hiyo niseme na hili. Siku moja niliomba pine yake itoboke. Niliomba kweli kweli, kwa jina la Yesu, beseni kichwani. Asubuhi iliyofuata ilitoboka. Na unajua aliyeiziba ni nani? Bwana yangu, hapa uani kwangu, jioni nzima, wakiongea Kifaransa. Tangu siku ile niliacha maombi ya namna hiyo.

Kile Kifaransa. Mimi ninakisikia, lakini mudomoni kinanikwama. Papa Plamedi alimaliza sekondari, akiongea na mimi anaongea Kiswahili, sijawahi kuona shida. Jioni ile niliona shida. Nilijiuliza kama amekuwa akinifungia maneno yake nusu, kama muntu anayemumegea mutoto chakula.

Sasa, jana.

Jumamosi likelemba yetu ya wanawake wa ndakala ilinifikia mimi. Kwa wasiojua: tunachanga kila wiki, na kila wiki mumoja wetu anapewa zote. Niliungoja ule mufuko tangu Plamedi ana miezi mitatu, na nilikuwa nimeamua bila kumwambia muntu. Boti ya Kigoma ilikuwa imeshusha vitu tangu Ijumaa. Nilimuachia Mama Chantal mutoto, nikamwambia nakwenda kuangalia ndakala. Akaniangalia viatu. Nilikuwa nimevaa vile vya kanisani.

Kuendesha najua. Nilijifunza nikiwa musichana, huko Bendera kwa baba mukubwa aliyefanya kazi kwenye mitambo ya umeme, na kinga yake nyeusi ndefu, muguu naupitisha chini ya bomba kwa sababu juu sifiki. Nilipenda mno. Nilikuwa naimba nikitelemka.

Bandarini kinga hazifiki nzima. Wanazifungua kule Kigoma ili zikae vizuri ndani ya boti. Kwa hiyo unakuta kadre zimefungwa kumi kumi upande huu, gurudumu zimerundikwa upande ule, gidoni, ile mikono ya kushikia, ndani ya magunia. Wewe unachagua kadre, wao wanakuchagulia magurudumu, wanakufungia pale pale, unaondoka. Mimi nilifika pale nikiwa na akili. Naapa nilikuwa na akili. Niliyasikia masomo yote ya bwana yangu kutoka pale kwenye maharagi.

Kisha nikaiona. Nyekundu. Yenye amortiseri mbele, mbili, zinang'aa. Na freni, yaani breki, za kisasa, zile ambazo haziishiki rimu bali zinabana sahani ya chuma katikati ya gurudumu, wanaita disiki. Ya Madame Rachel haina disiki. Ya Madame Rachel ina mipira tu.

Nikachukua jiwe dogo nikagonga kadre, bomba moja moja, sikio karibu. Kadre nzima inalia safi, yenye ufa inalia kama sufuria iliyopasuka. Ililia safi. Nikaiinua nikaiangusha kidogo chini, nikasikiliza. Nikapitisha ukucha kwenye meno ya sahani ya mbele, hayajaisha.

Muuzaji akapiga makofi. "Mama! Weye ni fundi kabisa! Nani alikufundisha?"

Nikavimba. Sijui kama umewahi kusifiwa mbele ya watu na muntu anayetaka kukuuzia kitu, ni tamu sana. Nilipoanza kuvimba njo niliacha kuangalia. Akamwita mwenzake, wakachomoa magurudumu mawili yanayong'aa kutoka kwenye rundo, wakafunga. Mimi nilikuwa nimesimama nimeikunja mikono, na niseme ukweli nilikuwa nawaza nini: nilikuwa nachagua kengele. Nilitaka kengele yenye sauti kubwa kuliko yake.

Niliipata.

Kurudi nyumbani kuna njia mbili. Ya chini ni fupi na ni tambarare. Nikapita ya juu, ile yenye mutelemko unaopita mbele ya nyumba ya Madame Rachel. Jumamosi anafua, anakuwa nje. Nilikuwa nimeshapanga namna ya kusema. "Madame, habari ya leo!" Hivyo tu. Na kengele. Na mugongo wangu.

Juu ya mutelemko nikapanda, nikaanza kushuka, upepo ukaingia kwenye kitenge, na kwa muda mfupi sana nikawa yule musichana wa Bendera. Nikacheka peke yangu.

Nikabonyeza freni ya mbele. Mukono ukafika mpaka kwenye gidoni bila kukuta kitu.

Nikabonyeza ya nyuma. Ilisugua kidogo, ikalia kama paka, ikaachia.

Sikumbuki vizuri. Nakumbuka nilitoa miguu chini na viatu vya kanisani vikaanza kunuka moto. Nakumbuka wamama wanaouza ndizi kando ya barabara wakipiga kelele, "Freni! Mama, freni!" kana kwamba mimi sijaliwaza hilo. Mbele kulikuwa na muntu anayejenga, amemwaga muchanga. Nikageuza gidoni huko. Nikaruka. Nikaingia kwenye muchanga kwa mabega, kinga ikaja juu yangu, na ile kengele kubwa ikalia yenyewe.

Aliyenifikia wa kwanza alikuwa na sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Mama Plamedi! Mungu wangu! Umeumia wapi? Mutoto yuko wapi?"

"Kwa Mama Chantal," nikasema. Nilitema muchanga.

Akanikalisha. Akaniosha goti kwa maji ya kufulia, ikachoma kama pilipili. Wamama wa ndizi wakaja, mumoja akasema, "Si muke wa fundi wa kinga huyu?" na mwenzake akasema, "Basi kama muke wa fundi anaanguka, sisi tutembee tu kwa miguu." Madame Rachel hakucheka. Alikuwa ameinamia kinga yangu, anazungusha gurudumu la mbele kwa kidole.

"Mama Plamedi," akasema polepole, "freni yako ni ya disiki. Lakini gurudumu hii haina disiki. Inabana hewa. Na huku nyuma wamefunga mipira ya kinga nyingine, kwa waya."

Nikaangalia. Hata mutoto angeona. Katikati ya gurudumu palikuwa patupu kabisa, na kile chuma cha kubana kimeachama kama mudomo. Gurudumu la kinga moja, kadre ya kinga nyingine.

"Umejuaje?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Ni bwana yako alinifundisha. Alisema, Madame, kabla hujaangalia rangi, bonyeza. Anza na kile kinachosimamisha, mwisho njo uangalie kinachokimbia."

Kumbe masomo yote niliyokuwa nayaiba, lile la kwanza sikulisikia. Labda njo pale nilipokuwa nahesabu nyuzi. Muntu mwingine alikuwa na maneno ya bwana yangu ndani ya kichwa, yamekaa vizuri, mimi nina muchanga mudomoni. Nikataka kusimama niende. Goti likakataa.

Na Madame, bila ubaya wowote, akaongeza: "Mimi nilimuuliza siku ile, Papa Plamedi, mbona muke wako ananunua viatu kila mara na weye uko na kinga zote hizi? Akasema, muke wangu hapendi kinga. Anaona haya. Nilimutengenezea moja tukioana, akaikataa, na mimi simulazimishi muntu."

Nikashika goti kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa. Ilikuwa mwezi wetu wa pili. Nilikuwa na mimba ile ya kwanza, ile isiyokaa. Alileta kinga ndogo, ameipaka yeye mwenyewe, akaisimamisha hapo mulangoni na kuniangalia. Dada zake walikuwa wamekuja kunisalimia. Niliona macho yao. Nikasema, tena kwa sauti ili wasikie, "Mimi na tumbo hili nipande kinga kama mubeba makala? Watu watanicheka." Akasema, "Sawa." Wiki ileile akaiuza. Siku zile hazikuwa nzuri, mimba ilipotoka nilisahau mambo mengi, na hili lilikwenda pamoja nayo.

Yeye hakusahau. Swali lake ni moja.

Madame alitaka kunisindikiza, nikakataa. Akasema, "Basi Jumatatu nipe beseni nilifunge kwenye portbagaji, tunakwenda njia moja. Weye ubebe mutoto tu." Nikasema asante, nitaona. Kwetu "nitaona" ni hapana iliyovaa nguo nzuri. Nikasukuma kinga yangu mpaka nyumbani, na kila jiwe kengele inalia.

Papa Plamedi alikuwa na Plamedi mapajani, amemuchukua kwa jirani. Aliangalia goti. Aliangalia kinga. Akampa Mama Chantal, aliyemufuata mpaka uani, mutoto, na Mama Chantal, sijui ilikuwaje, hakusema neno. Bwana yangu akaigeuza kinga miguu juu, akazungusha gurudumu, akaingiza kidole pale patupu.

"Jumatatu ungekwenda nayo Katanika?"

"Ndio."

"Na mutoto mugongoni?"

Nikainama kuangalia goti. Akarudia, na yeye harudii maswali.

"Plamedi angekuwa mugongoni?"

Njo hapo nililia. Kwenye muchanga sikulia, wamama waliponicheka sikulia. Alisema hivyo nikaona kitenge, na kichwa kidogo kile kinachogeuka kuangalia kinga za watu. Nililia mpaka yeye akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Usiku aligeukia ukuta. Leo kanisani tulikaa benchi moja, Plamedi katikati yetu. Padri alisema nini sijui.

Tuliporudi mvua imetulowesha, aliketi chini ya bati anasikiliza inavyopiga. Jumapili hafanyi kazi. Mimi nikabadilisha mutoto, nikamulaza, nikasimama mulangoni. Nilikuwa na hotuba nzima. Nilikuwa nimeipanga tangu Baba Yetu: kuhusu Madame, kuhusu Kifaransa, kuhusu dada zake. Nikaenda mpaka pale nikasema neno moja.

"Nipime."

Akaniangalia. "Weye unaona haya."

"Nilikuwa naona. Nilikuwa mujinga na dada zako walikuwa wananiangalia. Mbona hukuniuliza tena?"

"Na weye mbona hukusema tena?"

Nikavua viatu, nikasimama mbele yake.

Halafu akavuta uzi. Akapiga goti kwenye matope. Nilishika ncha ya juu hapa kwenye nyonga, nikaona utosi wake, na nywele mbili nyeupe ambazo sikuwahi kuziona. Hakucheka kama alivyocheka na Madame. Bado ana hasira, najua. Lakini alipima mara mbili, na Madame alipimwa mara moja. Niliangalia.

Akafunga fundo. Akaenda kuulaza uzi juu ya kinga nyekundu, akatafuna midomo.

"Imekuzidi kidogo. Tukishusha kiti mpaka mwisho utaifikia." Akagonga kadre, akasikiliza. "Nani alikuchagulia hii?"

"Mimi."

"Kwa kugonga?"

"Kwa kugonga."

Akagonga tena. "Sikio lako ni zuri," akasema. "Macho njo yamekuuza."

Haya njo maneno yote niliyopata, na nimeyaweka hapa ili yasipotee. Zile amortiseri atazitoa, ataweka chuma kigumu. Magurudumu yenye disiki tutayangojea kwenye boti nyingine, tutakwenda wote wawili, mimi nitabonyeza na yeye atanyamaza. Labda wiki mbili, labda zaidi, ziwa likikasirika. Mpaka hapo niko kwa miguu.

Uzi wangu uko kwenye musumari. Ni mufupi kuliko wa Madame Rachel. Ndio, niliulinganisha, akiwa amekwenda kuosha mikono. Wivu haujaisha kwa sababu ya fundo moja, nisidanganye. Nikiwaza ile "mukono kwa mikono miwili" bado nasikia ile kengele yake. Lakini leo nina njaa, na tangu shule zifunguliwe sikuwa na njaa.

Plamedi ameamka. Anavuta simu.

Kesho Jumatatu. Asubuhi nitakuwa baada ya daraja dogo, beseni kichwani, goti limefungwa kitambaa. Nitasikia kriing nyuma yangu. Kila siku nakaza shingo na kuangalia mbele mpaka anipite. Kesho nitageuka kabla hajanifikia, na beseni nitalishusha mwenyewe, nimupe alifunge kwenye portbagaji.